Maji ya Bangili ya Sabdio

Habari ya harusi ya binti Hiribae ilifika Garsen kabla ya Hiribae mwenyewe. Ilivuka mto na pantoni ya asubuhi, pamoja na mbuzi na vibuyu vya samli, na pale kivukoni Mwanahamisi alikuwa ameshakaa na karai lake la vitumbua, akaipokea ikiwa moto kuliko vitumbua vyenyewe. Jua halijapanda sana, habari ikawa imeingia uani kwa Barwako, mke wa Mzee Dabaso mhunzi.

"Shoga, wewe umekaa na viriba vyako tu, dunia inakupita," Mwanahamisi alisema, akatua karai na kujipepea kwa upindo wa leso. "Hiribae anaoza. Yule Sabdio, kitinda mimba wake. Anampa Kalla, kijana wa Bangale mwenye ng'ombe hata yeye hajui mwisho wao. Na baba mtu yuko njiani anakuja hapa kuagiza bangili. Mimi sijakwambia kitu, utaambiwa."

Barwako aliacha kuvukuta viriba, moto ukajiinamia. Siku nyingine angemsogezea shoga yake kigoda, angeuliza mahari ni kiasi gani, nani amekasirika, nani hakualikwa. Uani kwake hapakauki watu, na yeye hakupenda pakauke. Siku hiyo aliuliza neno moja tu.

"Anataka mzee aende kuifunga mwenyewe?"

"Si ndiyo kazi yake? Ama siku hizi ameajiri karani?"

Barwako akacheka, lakini kicheko kilikuwa cha kuazima. Nyuma ya banda, penye kiambaza cha makuti, tindo ilikuwa ikigonga shaba kwa mpigo mwepesi, sawasawa, kama mtu anayechambua mchele. Mwanahamisi aligeuza kichwa akasikiliza.

"Mzee leo ana mkono wa ujana," alisema.

"Anao," Barwako alijibu, na papo hapo Mzee Dabaso akatokea njia ya mbele, anatoka msikitini, kofia mkononi, akawaamkia. Tindo kule nyuma ikanyamaza kwa kuchelewa. Mwanahamisi akamtazama mzee, akakitazama kiambaza, akamtazama shoga yake. Kisha, jambo lisilokuwa kawaida yake hata kidogo, akajitwika karai lake akaenda zake bila kuuliza.

* * *

Ukweli ulikuwa huu. Mkono wa kulia wa Mzee Dabaso ulikuwa umeanza kutetemeka. Mwanzo alisema ni baridi ya mto, na kila mtu anajua baridi ya Garsen haijapata kumtetemesha hata kuku. Baadaye akasema ni chai nyingi, akaacha chai. Mkono haukujali kama chai imeachwa. Ulitetemeka ukiwa umelala juu ya goti, ukatetemeka ukishika kijiko, na ulipokaribia kazi ndogo ndogo ya nakshi ulitetemeka kama una hasira nayo.

Majembe na mikuki aliendelea kuyafua mwenyewe pale mbele, watu wakimwona, kwa sababu nyundo kubwa huficha mengi. Nakshi ilihamia nyuma ya kiambaza, kwa Qabale, binti yake wa pekee aliyebaki nyumbani. Qabale alijifunza kwa kumtazama baba yake tangu utotoni, na alipoishika tindo kwa mara ya kwanza Dabaso alitoka nje akakaa huko hadi kazi ikaisha, akarudi, akaigeuzageuza bangili, akasema, "Itapita." Baada ya hapo hakusema tena, na wala hakushika tindo tena. Kwa watu wa nyundo mwanamke huvukuta moto. Hagongi shaba. Wateja wangejua kuwa bangili za Dabaso zinachongwa na msichana, wangekwenda dukani kwa Kassim.

Na duka la Kassim halikuwa mchezo. Mwaka huo, hamsini na sita, lori la Malindi lilikuwa limeanza kuleta bangili za kiwandani, nyepesi, zinazong'aa kama macho ya paka, na vijana wa mjini walisema hizo ndizo za kisasa. Kilichobaki kwa Dabaso ni kitu ambacho Kassim hakuweza kukiuza: kufunga.

Katika banda lile, tangu enzi za baba yake Dabaso, bangili ya bibi harusi haikuvishwa, ilifungwa. Mhunzi alikwenda nayo harusini ikiwa na pengo, akaipitisha kwenye kifundo cha mkono, akaweka ukanda wa ngozi chini yake, akaigonga polepole mpaka midomo yake miwili ikakutana. Tangu hapo haikutoka. Nakshi yake ilikuwa maji: mistari midogo iliyopinda, mmoja nyuma ya mwenziwe, yote ikikimbilia upande mmoja. Kwa bibi harusi, maji yalielekea vidoleni, kwenye mkono unaokamua na kulisha. Mumewe akifa, mhunzi aliitwa, akaifungua, akaigeuza, akaifunga tena, maji yakirudi kiwikoni. Basi kila aliyekutana na mwanamke huyo kisimani alijua, bila kuuliza, kwamba ni mjane. Hakukuwa na sababu nyingine ya kuifungua bangili ila talaka, na ya talaka haikugeuzwa, iliyeyushwa.

* * *

Hiribae alifika adhuhuri na fimbo yake, akasimama nje ya kivuli cha banda. Wafugaji hawaingii kwa mtu wa nyundo wala hawampi mkono, na wakati huo huo wanaiogopa laana ya ulimi wake, kwa hiyo huzungumza naye kwa adabu nyingi kutoka mbali.

"Hujambo, Mzee Dabaso."

"Sijambo, Hiribae. Karibu kivulini."

"Nimekwisha karibia," Hiribae alisema, jasho likimtiririka. "Mama yangu alifungwa na baba yako. Mke wangu ulimfunga wewe. Sabdio naye nataka umfunge. Lakini nikwambie kweli, wakwe zangu ni watu wa maneno. Kuna shangazi yake Kalla, huyo anataka bangili ya dukani. Anasema bangili ya kugongwa mkononi ni mambo ya zamani, mtu hata hawezi kuivua akaoga. Nimemwambia njoo uone kazi kwanza, halafu useme."

"Na aone."

"Akipendezwa, ana mabinti watatu. Asipopendezwa," Hiribae akapangusa jasho, "ana ulimi wa kutosha toka Bangale mpaka Kipini."

Akaahidi mbuzi jike na kibuyu cha samli, bei ya siku zote, akaenda zake. Dabaso aliuweka mkono wake wa kulia chini ya paja, akaukalia.

Jioni, baada ya chakula, wakalizungumza. Kuchonga si shida, Qabale angechonga. Lakini kufunga hakuna kiambaza. Kufunga ni mbele ya wanawake wote, nyumba imejaa hadi mlangoni, na kila mmoja ana macho yake.

"Niende mimi," Qabale alisema.

"Uende wapi? Wakuone na nyundo?" baba yake alimuuliza. "Wataitupa bangili mtoni na jina langu juu yake."

"Wakikuona unatetemeka watafanya nini, wataibusu?"

"Qabale," mama yake akamwonya, lakini kwa upole, maana swali lilikuwa la haki.

Barwako ndiye aliyepata njia. Siku zote Dabaso alikaa akitazamana na bibi harusi, nyumba nzima ikiiona mikono yake. Safari hii akae ubavuni kwa bibi harusi, bega kwa bega, awape mgongo walio mlangoni. Mkono wa Sabdio ulale juu ya goti la mzee, naye abane kiwiko chake mwenyewe ubavuni ili nyundo itulie. Qabale ashike ukanda wa ngozi, kama msaidizi. Dabaso akajaribu pale pale kwa mkono wa mkewe na kipande cha waya. Nyundo ikatulia kiasi.

"Umeona?" Barwako alisema. Alifurahi kama mtu aliyeziba tundu la paa.

* * *

Boma la Hiribae lilikuwa uwandani, mwendo wa asubuhi kutoka mtoni. Nyumba ya mikeka ya bibi harusi ilijaa wanawake mpaka hewa ilikuwa ya kugawana. Mwanahamisi naye alikuwamo. Hakualikwa na mtu, lakini alikuja na karai la vitumbua, na mwenye karai la vitumbua haulizwi amealikwa na nani. Barwako alikaa karibu na mlango na kikombe chake mwenyewe alichotoka nacho nyumbani, ambacho walimtilia maziwa kwa mbali, mtiaji akiangalia kibuyu chake kisiguse kikombe. Hilo alilizoea. Mumewe aliingizwa katikati ya wanawake bila mtu kujifunika, kwa sababu siku ya kufunga mtu wa nyundo hahesabiwi kuwa mwanamume. Hilo hakulizoea, ila alilinyamazia.

Shangazi yake Kalla alikuwa mwanamke mrefu, mwenye pete ya fedha na macho ya kukagua mifugo. "Mbona anakaa ubavuni?" aliuliza. "Nilisikia hukaa mbele."

"Mzee ana goti," Barwako alijibu haraka.

"Ee. Nilidhani anaogopa kutazamwa."

Wanawake wakacheka. Dabaso akakaa bega kwa bega na Sabdio, akaulaza mkono wa binti yule gotini pake. Qabale alipiga magoti upande wa pili, akatandika ngozi. Bangili ilipita kifundoni. Nyundo ikapanda, ikasita, ikashuka. Nyundo ikapanda tena. Mkono ulitaka kucheza, kiwiko kikaubana ubavuni, ukatulia. Midomo ya shaba ikasogeleana, ikasogeleana, ikagusana. Vigelegele vikapaa hadi ng'ombe wakageuza vichwa, na Barwako akagundua kuwa maziwa yote ya kikombe chake yamemwagika kwenye leso.

Bibi yake Sabdio, mama mzazi wa Hiribae, aliombwa awe wa kwanza kuutazama mkono. Alikuwa mjane wa miaka mingi, mikono yake imekauka kama kuni za mkoko. Aliuchukua mkono wa mjukuu wake, akauweka sambamba na wake, akitabasamu, ili watu waone kazi ya baba na kazi ya mwana.

Tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Maji ya mkono wa kikongwe yalikimbilia kiwikoni. Maji ya mkono wa Sabdio nayo yalikimbilia kiwikoni.

Barwako alielewa kabla mtu hajasema. Miaka yote mumewe alikaa akitazamana na bibi harusi, na mkono wake ulijua jambo moja bila kufikiri: maji yaje kwangu. Alipotazamana na bibi harusi, kuja kwake kulikuwa ni kwenda vidoleni. Alipokaa bega kwa bega, kuja kwake kulikuwa ni kurudi kiwikoni. Yeye, mkewe na binti yao, wote watatu walikuwa wameukodolea macho mkono unaotetemeka. Hakuna aliyeyatazama maji.

"Amemvisha ujane," shangazi yake Kalla alisema. Hakupaza sauti. "Kijana wetu yuko hapo nje mzima, na huyu mtu amekwisha mzika."

* * *

Nyumba ikavuma kama mzinga. Mmoja alitaka maji, mwingine alitaka mume wake aitwe. Hiribae alisogea mlangoni, akauliza kwa nje kuna nini humo, akaambiwa na watu wanne kwa pamoja.

"Basi aifungue aigeuze," alisema. "Ni kitu kidogo."

"Kidogo kwako," mama yake alimjibu kutoka ndani. "Bangili hufunguliwa kwa matanga au kwa talaka. Unataka tumpe mtoto lipi kati ya hayo, na bado hajafika kwa mumewe?"

"Na isipofunguliwa?"

"Isipofunguliwa, kila atakayemwona kisimani atampa pole."

Hapo wakakwama. Shangazi yake Kalla alikunja mikono kifuani. Alisema wao wakirudi Bangale watarudi na bibi harusi mwenye mkono safi au watarudi wenyewe, na kuanzia leo bangili za ukoo wao zitanunuliwa dukani, tena kwa furaha. Nje, sauti ya kijana ikaingilia. Ilikuwa ya Kalla.

"Shangazi, mwenye kutabiriwa kufa ni mimi, na mimi nina njaa tu."

Wachache walicheka. Shangazi hakucheka. Dabaso alinyoosha mkono kuchukua tindo, na kwa kuwa sasa watu walikuwa wamemzunguka pande zote, hakukuwa na mgongo wa kujifichia. Mkono ulitetemeka wazi wazi, tindo ikigongana na nyundo ndani ya mfuko, ngri ngri ngri, na nyumba nzima ikanyamaza kuusikiliza. Barwako alitamani ardhi immeze yeye kwanza, maana wazo la kukaa ubavuni lilikuwa lake.

Mwanahamisi ndiye aliyeshindwa kuvumilia ukimya. Hajawahi kuuvumilia maishani mwake.

"Haya, mimi ni mgeni na Mpokomo, mnisamehe," alisema. "Lakini nimekaa hapa nawasikia mnasema maji yakipanda ni kifo. Mimi kwetu ni Ozi, kule chini karibu na Kipini. Kwetu mto hupanda kila siku. Bahari ikijaa, maji ya mto yanarudi nyuma, yanaingia mashambani, mpunga unakunywa. Bahari ikitoka, yanashuka. Yasingepanda, msingekula hivi vitumbua. Na tumezaana huko mpaka tumejaa."

"Hayo ni ya Ozi," shangazi alisema.

"Vitumbua pia ni vya Ozi, na nimeona umekula vitano."

Safari hii walicheka wengi. Barwako alimwona binti yake ameinua uso. Qabale alikuwa bado amepiga magoti, ameushika mkono wa Sabdio, na jicho lake halikuwa kwa Mwanahamisi wala kwa shangazi. Lilikuwa kwenye ukingo wa bangili, ule ukingo mtupu ambao haukuchongwa kitu.

"Baba," alisema, "nipe tindo nyembamba."

Dabaso alimtazama. Barwako aliujua uso wa mumewe kama anavyojua njia ya kisimani, na aliona ndani yake mambo mengi yakisukumana. Halafu akautoa mfuko wote, akauweka mbele ya binti yake.

"Msichana?" mtu alisema.

"Mkono upi mwingine unauona umetulia humu ndani?" bibi yake Sabdio alimuuliza huyo aliyesema. Akamgeukia Qabale. "Unataka kufanya nini, mwanangu?"

"Sitaifungua, bibi. Haya yanayopanda nitayaacha. Pembeni yake nitachonga mengine yanayoshuka. Yatakuwa mawili."

Kikongwe alifikiri, midomo ikitafuna kitu kisichokuwepo. "Asitoke damu," alisema mwisho. Hiyo ndiyo ruhusa yake.

Qabale aliulaza mkono wa Sabdio juu ya paja lake mwenyewe, akaingiza ngozi mbili badala ya moja. Kutoka ncha ya tindo mpaka mshipa wa binti wa watu hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha ukucha.

"Ukitikisika nitakuchoma," alimnong'oneza.

"Ukinichoma nitapiga kelele," Sabdio akanong'ona naye, "na watasema nimemkataa mume. Chonga."

Tindo ikaanza. Ule mpigo mwepesi, sawasawa, kama mtu anayechambua mchele. Mwanahamisi alimgeukia Barwako polepole, akainua nyusi, na Barwako akainamisha macho. Hakuna aliyeondoka mlangoni. Hata watoto walinyamazishwa. Mstari mmoja uliopinda, ukafuata wa pili, kila mmoja ukielekea vidoleni, ukipishana na wa jirani yake unaorudi. Dabaso alikuwa ameinama karibu, mkono wake umekaliwa, na mara moja tu alisema, "Usiubane sana mstari huo, uache unywe," na Qabale akalegeza kidogo, akaendelea.

Alipomaliza, alipuliza vumbi la shaba, akaupaka mkono samli. Bibi yake Sabdio aliutazama kwa muda mrefu, akauzungusha, akaulaza tena sambamba na wake.

"Huu si wangu," alisema. "Mimi maji yangu yanarudi tu. Haya yana kazi." Akampa shangazi yake Kalla mkono wa mjukuu wake. "Mchukue. Akipewa pole kisimani, aje aniambie mimi."

Shangazi aliutazama mkono ule kama anavyotazamwa ndama sokoni. Akatafuta kasoro, akarudia kutafuta. Mwisho akasema chakula kinapoa.

* * *

Kwa siku nyingi hakuja mtu bandani. Barwako alifagia uani asubuhi, akafagia tena mchana, kwa kukosa wa kumchafulia. Qabale alitia makali majembe ya watu wa mtoni. Dabaso alikwenda msikitini akarudi, na kule kivukoni, kwa habari za Mwanahamisi, maneno yalikuwa yakivuka na pantoni kila safari na kurudi yamenenepa.

"Sasa sikia walikofika," Mwanahamisi alisema siku moja, na safari hii alikalishwa kigodani na kumiminiwa chai. "Wanasema mzee hakukosea. Wanasema watu wa nyundo wana pepo wao. Pepo alimpanda pale pale, ndiyo mkono ukatetemeka, akaona ndani ya ile ndoa kuna maji mawili, akafunga ya kwanza na kumwamuru binti aongeze ya pili. Kuna mtu wa Nanighi ameapa alikuwepo. Mwanamume! Ndani ya nyumba ya bibi harusi!"

Barwako alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaacha kucheka, akafikiri. "Hilo si baya," alisema taratibu. "Watu wakiamini hivyo, watakuja."

"Watakuja mbio."

"Basi na achonge huyo pepo," Qabale alisema kutoka nyuma ya kiambaza. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hiyo ndiyo iliyomchoma mama yake.

Aliyekuja wa kwanza alikuwa shangazi yake Kalla. Alitembea na punda na binti yake mkubwa. Alisimama nje, akaamkia, akaamkiwa. Alisema Sabdio hajambo, Kalla hajambo, na huko Bangale wanawake humshika Sabdio mkono hata asipowapa.

"Nataka ya maji mawili kwa huyu mwanangu," alisema. "Lakini Mzee Dabaso, nataka mkono wako wewe. Kama ile siku. Upandwe, utetemeke, uone. Msichana ashike ngozi tu."

Barwako alimtazama mumewe. Neno moja tu, na banda lingejaa watu mpaka kiangazi kijacho. Jina la Dabaso lingekuwa kubwa kuliko lilivyokuwa mikono ilipokuwa mizima. Yeye mwenyewe alikwisha lipanga jibu mdomoni, alingoja tu mzee achelewe kusema, naye alitoe.

Dabaso alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikuwa amerudia chai. Aliunyoosha mkono wake mbele ya mgeni, juani, na kikombe kikaanza kucheza juu ya kisahani chake.

"Unauona?" alisema. "Nikinywa chai hutetemeka. Nikifunga shuka hutetemeka. Pepo gani huyo anayependa chai? Ile siku nilikosea. Nilikaa upande nisioujua kwa sababu niliona haya, nikafunga kinyume. Sikuona kitu ndani ya ndoa ya mtu. Aliyeona ni huyo."

Akaonyesha kwa kidevu. Qabale alikuwa ametoka nyuma ya kiambaza, tindo mkononi, vumbi la shaba limemkaa kwenye nyusi.

"Na zile nyingine?" shangazi aliuliza. "Za mwaka huu? Ya jirani yangu?"

"Zote ni zake."

Barwako alifumba macho akingoja kwato za punda ziondoke. Punda hakuondoka. Shangazi yake Kalla alikuwa akiitazama mikono ya Qabale, mmoja kisha wa pili.

"Wewe unachukua kiasi gani?" alimuuliza.

"Mbuzi wawili," Qabale alisema. "Na samli."

"Wawili! Baba yako anachukua mmoja, dunia nzima inajua."

"Baba alikuwa akichonga maji ya njia moja."

Mama yake nusura amwite kwa jina. Shangazi alimgeukia Dabaso, akangoja mzee amkemee mtoto wake, kama ambavyo mzee yeyote angefanya. Dabaso alikuwa ameshaweka kikombe chini, amevuta jembe la mtu wa Idsowe, analitazama kama lina ufa.

"Zungumza na fundi," alisema.